Kutu Kwenye Maharage ya Shemeji

Wapendwa, somo la kusameheana mmelisikia, na mmeitikia vizuri sana. Kwaya imeshaanza kunitazama kama vile kazi imekwisha, twende nyumbani. Ngojeni kwanza. Somo hili mimi limenichanganya wiki nzima. Nimelisoma jikoni, nimelisoma nikiwa kwa kinyozi, mpaka mke wangu akaniuliza, "Mchungaji, una nini wewe, mbona unaongea peke yako?" Kwa hiyo leo sifafanui kitu. Nitawapa mfano, na mfano wenyewe ukiwachanganya, basi tutakuwa tumechanganyikiwa pamoja, kanisa zima, na sadaka itakusanywa vilevile.

Palikuwa na mkulima mmoja wa maharage. Jina lake silitaji, maana nikilitaja tu, Mzee Ndewingia pale mbele atageuka kumtafuta kwenye mabenchi. Ni mfano, mzee wangu. Huyo mtu hayupo. Ukimwona humu ndani, ujue umemwona mwenyewe, mimi sijakuonyesha.

Shamba lake lilikuwa mteremkoni. Shamba lililopakana nalo kwa upande wa juu lilikuwa la shemeji yake, mjane wa mdogo wake. Marehemu aliacha mke, watoto wadogo, na hilo shamba. Basi. Mama yule hakuwa na shamba lingine, hakuwa na genge, hakuwa na ndugu mjini wa kumtumia chochote. Maharage yale ndiyo watoto wangekula mpaka mavuno mengine. Hilo lishikeni vizuri. Mengine yote ninayowaambia leo ni vurugu tupu, lakini hilo ni la kweli na ni zito.

Mwaka huo masika yalikuja vizuri, yakagoma kuondoka. Asubuhi ukungu, mchana manyunyu, jioni ukungu tena. Maharage ya mkulima yakaota, yakanenepa, akawa anapita akijisifu moyoni. Halafu siku moja akageuza jani akaona vidoa. Vidogo vidogo, vyekundu vya udongo, vimevimba kama vipele vya joto. Akagusa, unga ukabaki kidoleni. Akageuza jani lingine, vimo. Lingine, vimo.

Akatoka mbio mpaka barabarani. Bahati nzuri bibi shamba alikuwa anapita na pikipiki, amejifunika koti la mvua. Akamsimamisha kwa mikono miwili, akamwonyesha jani. Bibi shamba hakuzima hata pikipiki.

"Hii ni kutu, mzee."

"Kutu?"

"Kutu ya maharage. Ni ugonjwa wa ukungu. Unaenea haraka, kwa hiyo usiingie shambani majani yakiwa na maji. Nitarudi wiki ijayo tuangalie dawa."

Akaondoka zake, na wiki iliyofuata daraja likakatika, hakurudi.

Sasa niambieni ninyi. Mtu amezaliwa hapa, amekulia hapa. Kutu anaijua tangu utoto: kutu ni ya jembe, kutu ni ya bati, kutu ni ya ile baiskeli iliyoegeshwa nyuma ya nyumba tangu babu hajafa. Na ukungu anaujua: ni huo unaoshuka asubuhi kutoka msituni. Leo anaambiwa maharage yake yana kutu, na kutu hiyo ni ya ukungu, na asiingie pakiwa na maji. Wewe ungeelewa nini? Mwinjilisti, ungeelewa? Usinitikisie kichwa, nimekuona ulivyokuwa unacheka.

Yule bwana akaenda nyumbani ameshika kichwa. Akawaza, akawaza, akapata. Chuma kikikutana na maji kinafanya kutu. Ukungu ni maji. Kwa hiyo maharage yangu yanaugua kwa sababu ya chuma! Kuanzia siku hiyo jembe halikuingia shambani. Palizi akaifanya kwa mikono. Saa akaivua, funguo akaziacha kwa mke wake, hata mkanda wa suruali akaufungua kwa sababu una chuma mbele, akajifunga kamba ya mgomba. Mke wake akamtazama, akasema, "Baba, unaumwa?" Akajibiwa, "Nafuata maelekezo ya mtaalamu."

Na kila asubuhi, umande ukiwa bado umejaa, yupo shambani. Amepiga magoti kati ya mistari, anageuza jani moja moja, anatazama kama kutu imepungua. Haikupungua. Ilizidi. Majani yakaanza kuwa manjano, yakaanza kudondoka, na yeye kila yanavyodondoka ndivyo anavyoamka mapema zaidi. Jamani, chuma nimekiondoa chote! Sasa kutu hii inatoka wapi?

Siku moja akiwa amepiga magoti vilevile, akainua macho. Huko juu, ndani ya shamba la shemeji yake, palikuwa na banda la mbuzi. Na banda lile lilikuwa na bati. Na bati lile lilikuwa kuukuu, jekundu lote kwa kutu, na maji ya mvua yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bati, yanateremka, yanateremka, mpaka shambani kwake.

Loo! Mnaona akili ya binadamu inavyofanya kazi? Hakuoga. Akapanda mpaka mlangoni.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu, shemeji. Pita ndani, uji uko tayari."

"Sipiti. Bati lako linanimaliza."

"Bati lipi?"

"La banda la mbuzi. Lina kutu, na kutu yake inashuka na maji mpaka kwenye maharage yangu. Bibi shamba amesema kwa mdomo wake, ni kutu."

Yule mama akatazama bati. Akatazama maharage yake mwenyewe, yaliyozunguka banda pande zote, mabichi, yanang'aa. Akasema kwa adabu, "Lakini shemeji, haya yangu yako hapa hapa chini ya bati, mbona ni mazima?"

"Hata mimi ndicho kinachonichanganya," akasema. "Lakini liondoe."

Akaliondoa. Kwani angefanyaje? Huyu ni kaka wa marehemu mume wake, na mjane akigombana na ukoo anaonekana ana kiburi. Akapanda mwenyewe juu ya banda, akang'oa misumari, akalishusha bati akalilaza nyuma ya nyumba. Mbuzi wakanyeshewa. Mmoja akaanza kukohoa. Na maharage ya yule bwana yakaendelea kupukutika kama vile hakuna kilichofanyika.

Hapo ndipo akili zilipomruka kabisa. Bati halipo, chuma hakipo, kutu ipo. Na ya shemeji ni mazima! Kwa nini ni mazima? Ana dawa anaificha? Ameambiwa kitu nisichoambiwa mimi? Basi kila asubuhi, akishamaliza kupiga magoti kwake, anavuka mpaka anaingia kwa shemeji. Anapiga magoti huko nako. Anageuza jani moja moja, anatafuta hata kidoa kimoja. Si kwa ubaya, mwenyewe angekuapia. Anataka tu kuelewa.

Mtu anayetaka tu kuelewa habari za nyumba ya mwenzake, Mama Aikande, tunaye mtaani au hatunaye? Haya, usijibu.

Shemeji yake akimwona dirishani alikuwa anamsalimia. "Umeamkaje, shemeji? Unatafuta nini?"

"Aa, naangalia tu."

Naangalia tu. Asubuhi ile naangalia tu, na kesho yake naangalia tu. Mpaka siku yule mama alipoingia shambani kuchuma majani ya kunde, akageuza jani la haragwe kwa bahati tu, akaona vidoa.

Akaweka kikapu chini, akaanza kufuata. Na alichokiona kilimchanganya kuliko chochote. Ugonjwa haukutapakaa shamba zima. Ulianzia mpakani, ukapanda katikati ya mistari miwili, ukakata kona pale penye jiwe, ukasimama mkabala na dirisha lake, kisha ukateremka tena mpakani. Kushoto mazima, kulia mazima, katikati kutu. Akasimama pale akasema kwa sauti, yuko peke yake, "Ugonjwa gani huu jamani, unaopita njia kama mtu?"

Habari zikamfikia yule bwana, na nataka mjue kwamba aliumia. Aliumia kweli. Hakufurahi kwamba sasa wako sawa, hapana, hakuwa mtu wa hivyo. Aliwafikiria watoto wa mdogo wake. Akatoka moja kwa moja shambani akaenda kumpa pole. Akakaa kwenye benchi la barazani, akasema pole shemeji, pole sana, hata mimi sielewi, labda ni mwaka tu. Akasimama aage. Mama yule akaona doa kwenye benchi. Benchi alikuwa amelisugua asubuhi hiyo.

"Shemeji, hebu geuka."

Akageuka.

"Geuka tena huku. Hii nini magotini?"

Yule bwana akainama akatazama suruali yake. Magoti yote mekundu ya udongo. Mapaja pia. "Ni kutu," akasema.

"Kutu ya nini?"

"Ya bati lako."

"Bati nilishalishusha, shemeji. Liko nyuma ya nyumba, na wewe hujawahi kupita huko."

Akapitisha kidole gotini, akakitazama. Ule unga. Ni uleule uliobaki kidoleni siku ile ya kwanza. Akatazama kidole, akatazama shamba, akatazama njia aliyopita, na hiyo njia sasa ilikuwa inaonekana kutoka barazani kwa rangi yake ya manjano.

"Ee Ruwa, Mungu wangu," akasema. "Ni mimi?"

Shemeji yake aliingia ndani, akafunga mlango, na yule bwana akiwa amesimama pale barazani akamsikia analia.

Wapendwa, kama mfano ungeishia hapa ungekuwa mfano mzuri sana. Ningesema mtu alikuwa anatafuta kosa kwa mwenzake kumbe ndiye anayelipeleka, tungeimba, tungekwenda. Wiki nzima nilifikiri unaishia hapa. Hauishii hapa.

Asubuhi iliyofuata yule bwana aliamka na moyo umevunjika. Safari hii hakwenda kukagua chochote. Alikwenda kwenye ua wake akakata jani la sale. Sisi wa huku sihitaji kuwafundisha: mtu akikujia na sale mkononi amekuja kuomba radhi, na sale ikija, hata waliotaka kushikana mashati wanakaa chini. Akalishika kwa mikono miwili. Machozi yanamtoka, machozi ya kweli. Akaona akizungukia barabarani atachelewa, na jambo hili haliwezi kungoja. Akashika njia ya mkato.

Mnajua njia ya mkato ilikuwa wapi?

Akapita katikati ya maharage yake yanayougua, akavuka mpaka, akaacha ile njia yake ya manjano, akaingia kwenye tuta la juu, lile la karibu na nyumba. Tuta hilo lilikuwa limebaki zima. Ndilo yule mama alilokuwa amelitegemea sasa kwa chakula cha watoto. Umande umejaa. Suruali ni ileile. Jani ameliinua juu, analia, anakuja.

Mama yule akafungua mlango.

"Shemeji! Simama hapo hapo!"

Akasimama. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimeiona sale. Nimekusamehe."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, shemeji, kwa moyo wangu wote. Usinyanyue mguu."

Maskini, yule bwana akachanganyikiwa upya. "Kama umenisamehe, mbona unanizuia nisije?"

"Kusamehe nimesamehe. Lakini ukija hapa kwa kupitia humo, wanangu watakula nini?"

"Basi narudi nilikotoka."

"Usirudi pia! Majani yana maji, unga wa suruali yako utanata kwenye kila utakalogusa."

"Sasa nifanye nini mimi?"

"Kaa hapo. Jua likitoka majani yatakauka, utatoka polepole bila kugusa."

Wewe kijana wa besi, nimekuona unamnong'oneza mwenzio, na najua unachosema. Avue suruali. Mbele ya shemeji yake? Asubuhi, watu wanapita kwenda kisimani? Angekuwa na kesi mbili.

Akakaa pale. Namaanisha alisimama, mikono imeshikilia jani juu ya kifua, miguu imebanwa. Jua halikuwa na haraka, maana ukungu ulikuwa bado umelala. Jani la msamaha analo, na mwenye kupokea yuko pale karibu, anamwona, ameshakubali, na halifiki. Mama yule akachukua kigoda akaja kukaa ukingoni mwa shamba, asimwache peke yake. Hakuweza hata kumpelekea uji.

Mwishowe yule bwana akasema, "Shemeji, bibi shamba aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Nisiingie majani yakiwa na maji. Aliniambia waziwazi kabisa. Mimi nikaelewa chuma."

"Maneno yenyewe yanachanganya," akasema mama kwa upole.

"Yanachanganya. Lakini hilo la maji halikuwa na cha kuchanganya." Akatazama magoti yake. "Nilitaka liwe jembe, shemeji. Nilitaka liwe bati lako. Chochote, mradi nisiwe mimi ninayeingia."

Na nawaambia, hapo ndipo alipoomba msamaha. Jani alikuwa amelishika tangu alfajiri, lakini msamaha aliuomba hapo, akiwa amesimama hawezi kwenda mbele wala nyuma.

Mtaniuliza maharage yaliishaje. Yale aliyokuwa ameyapitia asubuhi hiyo yaliugua, na pale aliposimama yaliugua. Mengine ya tuta la juu yalipona, watoto wakala, ingawa hayakutosha, na yule bwana akaongezea mahindi yake kwa sababu alijua ni deni lake, hakungoja kuombwa. Barabarani alikuwa anazungukia tangu siku hiyo, hata kiangazi kikavu.

Sasa sisi.

Sisi tunapenda sana kuomba msamaha. Tunaupenda uwe wa haraka, uwe na machozi, na watu wawe wanatuona. Na tunapitia wapi tukienda kuuomba? Wewe uliyemsema mwenzio msibani, unakwenda kumwomba radhi, na unaanza hivi: "Nisamehe, kusema kweli ni fulani ndiye aliyenichochea." Umeshaacha mwingine nyuma yako anaugua. Wewe uliyemnyanyasa mkeo kwa ukali wako, unamwomba msamaha kwa ukali, na asipokubali papo hapo unamwuliza ana moyo gani. Wewe uliyeingilia nyumba ya mkweo, unarudi kuwapatanisha, unaingia tena chumba kwa chumba. Unaangalia tu! Suruali ni ileile, mpendwa, na bado unashangaa kwa nini walikusamehe na hawataki uje.

Nanyi mliokosewa, wengi wenu mnalia kwa siri kwamba ninyi ni wabaya, kwa sababu mlisamehe lakini hamkufungua njia ileile. Mimi wiki nzima nilidhani huo si msamaha kamili. Sasa nimemtazama yule mama ukingoni mwa shamba lake, na sijui niseme nini, isipokuwa sioni dhambi yake iko wapi. Alikuwa na watoto wa kulisha. Na kigoda alikileta.

Kila Jumapili baada ya mahubiri ya namna hii nawaambia mwende, mkamtafute mliyemkosea, leo hii, jua lisizame. Leo sisemi hivyo. Kama uko humu, na kuna mtu umeshamwaza tangu nilipotaja suruali, na miguu inakuwasha umkimbilie ukamalize jambo, usiende. Baki hapo ulipo mpaka uelewe ni nini unachokipeleka kwake kila unapokwenda.

Hatutasimama. Tuombe tukiwa tumekaa.